Jogoo wa Mama Issa

Mnalole,
17 Juni 2025

Kaka Shafii,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimejitanda shuka la Bibi, maana kipupwe cha mwaka huu kimetuingia mpaka ndani ya nyumba. Najua utanicheka, kwa kuwa mwalimu wa jiografia anasema huko Iringa mwezi huu mtu akifungua kinywa hutoa moshi. Sisi wazima. Mama mgongo unamsumbua tangu tulipofyeka majani ya shamba la mikorosho. Bibi anauliza kama jeshini mnapewa chai ya tangawizi. Nimemwambia sijui. Amesema kama hamnywi, basi hilo si jeshi.

Mdogo wetu Fadhili ameingia kumbini kwa jando Jumatatu baada ya Idi, yeye na wenzake wa kitongoji chetu na cha pili. Alimbeba yule jogoo uliyemwachia, mwekundu mwenye kidole kilichopinda, anayewika kama mtu mwenye mafua. Mama alimfunga jogoo kipande cha kanga yake mguuni, kama walivyofanya akina mama wote. Kisha akamwambia Mjomba Mohamedi, "Kaka, mtoto huyu ana kifua. Msimlaze chini." Mjomba akacheka. "Dada, na mimi nilikuwa na kifua. Kiliishia humo humo." Unajua tangu Baba afariki neno la nyumba hii ni la Mjomba, na mwaka huu yeye ndiye kungwi mkuu, kwa hiyo Mama alimkabidhi mtoto.

Kazi yangu ni kuwapelekea sahani za chakula. Napeleka yetu na ya Mama Issa jirani, kwa sababu Issa naye yumo kumbini, na mguu wa mama yake bado una kidonda. Naziweka penye gogo ambalo mwanamke halipiti, napiga makofi, naondoka bila kugeuka nyuma. Mchana nazifuata. Naipenda kazi hii. Hakuna anayenitaka niongee.

Sasa jambo lenyewe. Juzi nilikuwa nakwenda kwenye masomo ya ziada, nikapita njia ya majaruba ya chumvi. Ng'ambo ya jaruba la mwisho, kwenye mizizi ya mikoko, nikamkuta jogoo amejikunyata. Mweupe, mkia mweusi, ameloa umande, hana hata nguvu ya kunikimbia. Nilimfunga kwenye sweta ya shule nikarudi naye nyumbani, shule nikaikosa. Nadhani mwenyewe amemtupa kwa kuogopa kideri. Kitabu cha kilimo kinasema ugonjwa huo hupenda miezi ya baridi, na kuku akishukiwa atengwe. Nimemtenga kwenye jiko la zamani. Nimemwita Chumvi.

Mguuni ana kipande cha kanga ya kijani yenye picha za korosho. Mama Issa anayo kanga kama hiyo, ingawa na wengine wanayo. Nilitaka kwenda kumwuliza, lakini Bibi alinikamata mkono. "Ntoto wewe! Nguo ya ntu haiulizwi." Kisha akaingia ndani na hakutoka mpaka jioni.

Wewe unawajua kuku kuliko mimi. Ni kideri kweli?

Mdogo wako,
Mwanahamisi


Kambini, Iringa,
3 Julai 2025

Mwana, mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipokea juzi. Afande alilisoma jina kwa sauti mbele ya kombania nzima, "Mwanahamisi wa Mnalole!", na sasa wenzangu wote wanadhani nina mchumba. Nimewaambia ni mdogo wangu. Hawaamini hata kidogo.

Mwambie Bibi chai ipo, tangawizi hakuna. Baridi ya huku si ya kusimulia. Asubuhi tunakimbia mchakamchaka vidole vimekufa ganzi, na afande mmoja ananiambia kila siku, "Wewe wa pwani, unatetemeka nini? Umemwona chui?" Maharage nimeyazoea. Buti bado.

Kuhusu huyo jogoo. Mrudishe ulipomkuta. Usimwulize Mama Issa chochote. Usimwonyeshe Mama. Najua umeshampa jina na umeshamzoea, mrudishe hivyo hivyo. Ukikuta mwingine, pita kama hujaona.

Nijibu mambo mawili tu. Fadhili alikuwa anakohoa siku ya kuondoka? Na sahani ya Issa inarudije?

Soma kwa bidii. Wasalimie wote.

Kaka yako,
Shafii


Mnalole,
4 Julai 2025

Kaka Shafii,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, lakini Mwalimu wa Kiswahili anakwenda mjini kesho kuangalia sanduku la posta la shule, nami nimeona nimpe hii.

Mama anakusalimu. Mikorosho imeanza kutoa maua, na wanaume wanapuliza salfa kila asubuhi, tunaila mpaka kwenye uji. Bibi amepoteza jino moja tena na anamlaumu Mama kwa muhogo mgumu.

Nimepata jogoo wa pili. Mahali pale pale, ng'ambo ya majaruba, siku ya ukungu. Huyu ni kijivujivu, kitambaa chake ni cha kahawia. Nimemwita Kivuli. Nilimwomba bwana mifugo chanjo. Amenionyesha namna ya kuiweka, tone moja jichoni, unasubiri mpaka kuku apepese. Akawatazama wote wawili, akawapapasa shingo, akafungua vinywa vyao. Akasema, "Binti, nani alikwambia hawa wagonjwa? Kuku wazima hawa. Wana njaa na baridi tu."

Hapo ndipo sielewi. Nani anatupa jogoo mzima, tena asimchinje, tena aende kumwacha mbali kiasi kile?

Mjomba alikuja kula kwetu Ijumaa. Alikuwa akisimulia vituko vya vijana wanaopuliza salfa, na Mama akicheka, mara Chumvi akawika kule jikoni. Mkono wa Mjomba ukasimama juu ya sahani.

"Kuku wa nani huyo?"

Mama akasema, "Wa Mwana huyo. Anaokota okota."

Mjomba alinitazama mimi. Unajua nikitazamwa siwezi kusema. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri kwamba nimemkuta porini, na mwenyewe nikimjua nitamrudishia.

"Mwenyewe katangulia," akasema Mjomba. Akanawa mikono, chakula amekiacha nusu.

Mama hakucheka tena siku ile.

Mama Issa yeye ana furaha. Issa akiwa nyumbani alikuwa mvivu wa kula, unakumbuka alivyokuwa akificha ugali chini ya mkeka? Sasa sahani yake inarudi imelambwa. Mama Issa anaigeuza juani, anawaonyesha watu. "Jando limemfungua tumbo mwanangu." Ameanza kumpikia wali kila siku badala ya ugali, na anaukandamiza kwa mwiko ili uingie mwingi.

Barua yako ikija nitaandika tena.

Mwanahamisi


Mnalole,
15 Julai 2025

Kaka Shafii,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe tatu imefika leo. Sote tunapumua, na Bibi ametuma neno kwamba ukipaka mafuta ya nazi ndani ya buti litalainika.

Sikumrudisha Chumvi. Nisamehe. Nilitembea naye mpaka jaruba la mwisho kama ulivyoagiza, nikamweka chini, naye akanifuata nyuma mpaka nyumbani. Kivuli sikujaribu.

Umeniandikia kama Mjomba, Kaka. Maneno machache na yote ni amri. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia vitumbua, ukaniambia nisikubali sentensi isiyo na sababu yake. Sasa umenipa sentensi nne na sababu hakuna.

Umeniuliza mawili, nakujibu. Fadhili alikuwa anakohoa, ndiyo, kikohozi kile cha kipupwe, si kikubwa. Sahani ya Issa inarudi tupu. Nilishakuandikia kabla hujaniuliza, barua zetu zimepishana njiani.

Wanawake hawaruhusiwi kujua ya kumbini, nalijua hilo, na sitaki unieleze nyimbo zenu. Lakini nimekaa na lile neno la Mjomba siku nyingi. Mara ya kwanza nilielewa kwamba mwenye jogoo ametangulia kurudi nyumbani. Lakini hakuna mtoto aliyerudi. Basi nikalitafuta kwenye kamusi ya shule, *tangulia*. Maana ya kwanza ni kwenda mbele ya wengine. Ya pili niliisoma nikafunga kamusi.

Niandikie kwamba nimekosea. Kwako hata sababu sitaki tena. Neno hilo tu.

Mwanahamisi


Kambini, Iringa,
16 Julai 2025

Mwana,

Leo sina salamu ndefu. Nimepata ya tarehe nne, ile yenye jogoo wa pili na wali wa Mama Issa.

Nilikula kiapo kumbini, kama kila mwanaume wa Mnalole, kwamba haya hayatafika kwenye sikio la mwanamke. Nimezunguka uwanja wa gwaride jioni nzima. Nimeona nikuandikie.

Kila mwari anaingia kumbini na jogoo wake. Siku ya kutoka jogoo anachinjwa, familia inakula, mtoto amekuwa mtu. Mwari akitoka kabla ya siku, jogoo wake hachinjwi wala haliwi. Anapelekwa ng'ambo ya majaruba na kitambaa chake mguuni, anaachwa. Asionekane siku ya kutoka, asimkumbushe mtu hesabu. Hakuna anayemgusa. Ndiyo maana Bibi aliingia ndani.

Kutoka kabla ya siku ni kwa namna mbili. Yupo aliyekufa. Na yupo aliyeugua mpaka hawezi kukaa na wenzake, akalazwa pembeni mpaka ijulikane. Majogoo wa wote wawili hutupwa. Kumbi haliwatofautishi.

Mama haambiwi mpaka siku ya kutoka. Anaendelea kupika. Chakula chake wanagawiwa waliobaki, na wanaambiwa wamalize kabisa, ili sahani irudi tupu.

Sasa unajua ninachokijua, na natamani usingekijua. Jogoo wawili kipupwe hiki. Watoto wanaoshwa kisimani alfajiri wakiwa vifua wazi, na Fadhili anakohoa.

Nimemwomba afande simu. Amekubali dakika mbili. Lakini namba ninayoijua kichwani ni ya Mjomba peke yake, na hiyo nikiipiga nitasema nini? Nimemrudishia simu yake.

Nenda zahanati kwa nesi Theresia. Yeye si wa huku, hana kiapo cha mtu. Usipitie kwa Mjomba. Mwambie Mama, najua ni vigumu kwako kusema, mpe barua hii aisome mwenyewe.

Na jogoo mwekundu, mwenye kidole kilichopinda. Ukimwona yeye, usingoje barua nyingine.

Shafii


Mnalole,
24 Julai 2025

Kaka Shafii,

Shikamoo. Hatujambo wote, isipokuwa Bibi, ambaye hali vizuri na hasemi kwa nini.

Leo asubuhi nimemkuta jogoo wako.

Alikuwa amepanda juu ya tuta la jaruba, si kwenye mikoko kama wale wengine, na alikuwa akiwika. Nilimjua kwa sauti kabla sijamwona. Kitambaa ni cha Mama, cha zambarau. Miguu ilikuwa na unga wa njano wa salfa mpaka magotini. Nimemwosha kwa maji ya vuguvugu, nimemfuta, nimempa pumba. Amekula.

Nimejipa sababu nyingi njiani. Fadhili hajui kufunga fundo, unamjua, hata viatu vyake alikuwa anafungiwa nami. Labda kamba ilifunguka na jogoo akapotea. Tena Fadhili anakula vizuri sana. Jana tulimpelekea ugali na dagaa, na sahani ilirudi haina kitu, hata vichwa vya dagaa havikuwepo. Nyumbani vichwa alikuwa anavipanga ukingoni mwa sahani kama askari, anasema vinamtazama. Nimemwambia Mama, "Amekuwa mkubwa, anakula mpaka vichwa." Mama alikuwa anaosha sufuria. Alisema, "Mpaka vichwa?" Akaendelea kuosha sufuria ile ile, ambayo ilishatakata.

Jogoo mwekundu nimemficha jikoni na kuzibia dirisha kwa gunia, ili asione mwanga akawika. Mama angemtambua. Mwalimu anakwenda mjini leo, na huenda akarudi na barua yako. Mimi nasubiri. Sijui kusimama mbele ya watu na kusema jambo. Darasani jibu nikilijua naliandika pembeni ya daftari, mwingine anajibu.

Niandikie haraka.

Mwanahamisi


Mnalole,
3 Agosti 2025

Kaka Shafii,

Shikamoo. Fadhili yu hai. Nimeanza na hilo ili usiruke mistari ukilitafuta.

Barua yako ya tarehe kumi na sita niliipata siku ya Alhamisi, wakati wa mapumziko. Niliisomea nyuma ya maabara. Sikurudi darasani. Nilikwenda zahanati moja kwa moja, nikakaa kwenye benchi la wajawazito, na nilipoitwa sikuweza kusema, nikampa nesi Theresia barua. Aliisoma mara mbili. Akasema, "Mama yako anajua kusoma?" Nikasema ndiyo. Akachukua mkoba wake.

Mama aliisoma amesimama mlangoni. Mimi niliondoa gunia dirishani, jogoo mwekundu akatoka uani na kuwika. Mama hakulia. Alijifunga kanga ya pili kiunoni akashika njia ya kumbini. Njia ile, Kaka, ambayo mimi naishia penye gogo. Alipita gogo kama vile halipo. Nesi nyuma yake, mimi nyuma ya nesi.

Wanaume walipiga kelele. "Rudi! Mama Shafii, rudi! Una kichaa?" Mwingine akasema, "Mwacheni, ataota ndevu huyo." Mjomba akatoka mbio amejifunga shuka.

"Dada, unavunja kumbi."

Mama akasema, "Fadhili hali vichwa vya dagaa."

"Nini?"

"Tangu aote meno hajala kichwa cha dagaa. Nani amekula vichwa vya dagaa, Mohamedi?"

Nilimtazama Mjomba, mimi ambaye simtazami mtu. Alitafuta mahali pa kuweka macho, hakupata. Akanyoosha mkono upande wa mikorosho.

Walikuwa kwenye kibanda cha salfa, wawili, Fadhili na mtoto wa Bi Asia, yule mwenye jogoo wa kijivu. Wamelazwa juu ya magunia matupu. Unga wa njano umejaa hewani, na hao ni watoto wa kifua. Theresia aliweka sikio mgongoni kwa Fadhili, kisha akaanza kupiga simu akitafuta gari. Alisema ni kichomi, mapafu yote mawili. Fadhili alifumbua macho akaniuliza, "Jogoo wangu amekula?" Hilo ndilo neno lake la kwanza.

Sasa wamelazwa hospitali mjini, Mama na Bi Asia wako nao.

Kuna jambo moja bado. Kabla gari halijafika, Theresia aliuliza, "Ni hawa wawili tu?" Mjomba akasema, "Ni hawa wawili." Mama akamtazama. Nesi alipokwenda kupokea gari, Mjomba alimwambia Mama taratibu, "Hawa wachukue. Yule mwingine tulimzika kwa sala zote, Mwenyezi Mungu shahidi. Mama yake ataambiwa siku ya kutoka, kama ilivyokuwa siku zote. Ukifungua mdomo leo, watu wataua mtu hapa, na anayeuawa ni mimi, kaka yako." Mama alikuwa amempakata Fadhili. Akasema, "Sitasema."

Hivyo ndivyo alivyomwapisha Mama. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika mkoba wa nesi. Hakuna aliyeniapisha, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba nipo.

Mwanahamisi


Kambini, Iringa,
9 Agosti 2025

Mwana,

Leo nimepata ya tarehe 24. Jogoo mwekundu. Niliisoma kwenye foleni ya chakula, sahani ikanidondoka, na afande hakunipa adhabu baada ya kuuona uso wangu.

Sijui kama yangu imekufika. Sijui kama umekwenda zahanati. Andika neno moja. Hata kama ni lile la maana ya pili, liandike. Nimeomba ruhusa ya kurudi nyumbani, wameniuliza nani amefariki.

Shafii


Mnalole,
24 Agosti 2025

Kaka Shafii,

Shikamoo. Bila shaka ya tarehe tatu umeshaipata sasa, na umeweza kula. Hii huenda ukapishana nayo njiani, maana mnamaliza mafunzo karibuni. Bibi ameshakuwekea tangawizi juani.

Fadhili ametoka hospitali. Amekonda, akipanda ngazi ya mlangoni anapumzika katikati. Watoto wa kumbini watatoka Jumamosi ijayo, na Mjomba ametuma mtu kusema kwamba Fadhili asionekane uwanjani siku hiyo, kwa kuwa jogoo wake alishatupwa. Fadhili amesema, "Jogoo wangu huyu hapa." Mtu yule akarudi alikotoka. Mjomba hali tena kwetu.

Mtoto wa Bi Asia naye anaendelea vizuri. Bi Asia alikuja jioni akamchukua Kivuli, akamfunika kwa kanga kama mtoto mchanga.

Nikabaki na Chumvi.

Wiki tatu hizi, Kaka, nimekuwa nikipeleka sahani ya Mama Issa kila siku. Mama amerudi kutoka mjini na kiapo chake, anapita mbele ya nyumba ile akiwa ameinamisha kichwa. Yetu haiendi tena, inakwenda ya jirani peke yake, wali umekandamizwa. Naiweka penye gogo. Mchana naikuta imelambwa. Namrudishia, anaigeuza juani. Juzi aliniuliza, "Mwana, siku ya kutoka nimvalishe kanzu ya Idi au nimshonee mpya? Atakuwa amerefuka." Nikasema sijui, Mama. Akanunua kitambaa.

Jana asubuhi sikwenda kuchukua sahani. Nilimwosha Chumvi. Nilikifua kile kitambaa cha mguuni mpaka korosho zikaonekana. Nilimbeba mikononi, mchana kweupe, nikapita mbele ya kijiwe cha wanaume wa kahawa. Walikuwa wanabishana mpira. Wakageuka mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimetunga sentensi ya kumwambia, nimeirudia njia nzima.

Mama Issa alikuwa barazani anapeta mchele.

"Karibu, Mwana. Sahani bado, mwanangu. Leo nimechelewa."

Sentensi yangu ilinipotea. Nilimweka Chumvi chini. Alijikung'uta, akapita katikati yetu, akaenda moja kwa moja chini ya ngazi ya ghala, mahali ambapo mimi sikuwahi kumwonyesha, akaparua udongo. Kisha akawika.

Mama Issa alimtazama mguuni. Ungo ulikuwa bado mikononi mwake, umesimama hewani.

"Umemkuta wapi?"

"Ng'ambo ya majaruba."

"Lini?"

"Juni, Mama."

Aliuweka ungo chini polepole. Nilidhani atapiga ukunga, na nilitaka apige, ili wengine waje na mimi niweze kuondoka. Badala yake alimwita jogoo kwa kugonga ulimi, kama wanavyoitwa kuku wa nyumbani, na jogoo akaja. Akampapasa kifua.

"Amenenepa," akasema. "Ulikuwa unamlisha nini?"

"Pumba. Na mchicha."

Akauinamia ule ungo.

"Na mimi," akasema, "nilikuwa napika wali."

Mdogo wako,
Mwanahamisi